Chumba Nilichokiacha Wazi

Mama Seline alikuja kwangu Mei 1988, akitoka ufukwe wa Dunga moja kwa moja, na harufu ya omena, wale dagaa aliokuwa akiwauza, ikafika mezani kabla yake. Alikuwa mjane. Mume wake alizikwa nyumbani kwao karibu na Ahero, kwenye uwanda ule wa Kano ambao maji huufunika kila masika, na juu ya kaburi alikuwa amemwagia simiti ili mafuriko yasimsumbue. Aliniambia hayo kabla hata hajakaa, kwa sababu hati ya shamba hilo ndiyo aliyotaka kuiweka rehani kwa chama cha mikopo ili ajenge vyumba vya kupangisha. Akishindwa kulipa, shamba lingepigwa mnada, na kaburi likiwa ndani yake.

"Kwa hivyo Bwana Zadock," akasema, "usinipe hesabu ya kunifurahisha."

Nilimheshimu kwa neno hilo. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo kiwandani, lakini Jumamosi nilikuwa na meza yangu kwenye veranda ya duka la Hemedi. Hesabu za biashara nilizisoma shule ya jioni baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na cheti changu bado kiko ukutani. Watu waliotaka kujenga walikuja kuniomba makadirio, yaani karatasi inayoonyesha nyumba italeta nini na itakula nini kila mwezi mpaka siku mkopo unapokwisha.

Wengi walitaka kufurahishwa. Mtu ana ploti Manyatta, amesikia chumba kimoja kinalipiwa kiasi fulani, anazidisha kwa kumi, anazidisha tena kwa miezi ya mwaka, na tayari anajiona ndani ya gari. Mimi nilifunga safari kwa miguu. Niliuliza kodi kwa wale wanaoilipa, si kwa wanaoipokea, maana mwenye nyumba hukutajia ile anayoitamani. Niliuliza maji yananunuliwa wapi, choo hujaa upesi kiasi gani, na ni mwezi gani watu husafiri kwao na kodi ikachelewa. Kisha niliandika mwaka mzuri, mwaka wa kawaida na mwaka mbaya, na mkopo niliupima kwa ule mbaya. Na katika kila vyumba kumi, kimoja nilikiacha wazi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba hakikujengwa. Hakuna nyumba ya kupangisha inayojaa siku zote. Anayekuambia inajaa ana kitu anakuuzia.

Mama Seline aliisoma karatasi polepole, akaweka kidole chenye magamba ya samaki juu ya mstari huo. "Na huyu ni nani unayemwekea chumba?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana ya wazi."

"Mtu hayuko, lakini nafasi yake iko. Haya, mwache akae."

Akacheka, nami nikacheka.

Ploti yenyewe ilikuwa Nyalenda, upande wa chini, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Muuzaji alikuwa Walter, mtoto wa kwanza wa familia iliyokuwa imehamia Sondu. Nyalenda ya wakati huo ilikuwa boma za watu kabla ya kuwa ploti, na boma huwa na makaburi, kwa hivyo kila mnunuzi huuliza swali lile lile. Mimi nililiuliza mbele ya mashahidi wawili. Walter alijibu bila kupepesa macho.

"Hakuna mtu aliyezikwa hapa. Baba alipougua aliomba arudishwe kwa wazee wake Sondu, na huko ndiko alikolala. Mama anaishi huko. Chimbeni popote mnapotaka."

Tulichimba. Mitaro ya msingi ilichimbwa na fundi Simiyu, na mimi nilisimama juu yake na kofia yangu, nikitazama kila kinachotolewa na koleo. Upande wa kushoto, karibu na ua wa zamani, udongo ulikuwa mweusi na laini kuliko kwingine. Hapo Simiyu alitoa kitu kirefu chenye nyuzinyuzi, kama kigogo kilichooza. Alikipiga kwa koleo kikavunjika. Hakikuwa mfupa. Alikitupa kwenye lundo, na Mama Seline akashusha pumzi. Sote tulikuwa tukitafuta mifupa.

Vyumba vilikuwa kumi, vitano vikitazama vitano, na uwanja katikati. Cha sita ndicho kilichokaa juu ya ule udongo mweusi. Kabla rangi haijakauka vizuri, vyote vilikuwa vimepata watu, na Mama Seline akanitania kwamba yule mtu wangu wa chumba cha wazi amekosa nafasi.

Mpangaji wa kwanza wa chumba cha sita alikuwa fundi viatu. Alihama akisema sakafu inatoka jasho. Simiyu alirudi, akabandua simiti, akaweka mpya yenye dawa ya kuzuia maji, akaapa kwamba sasa hata mvua ya Nuhu haitapita. Mpangaji wa pili naye alihama, kwa neno lile lile. Halafu akaja Rehma, mama wa kuuza kaimati na chai karibu na stendi, mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko wa moto. Huyu alikaa zaidi ya mwezi. Siku moja alimrudishia Mama Seline ufunguo, wala hakudai kodi yake iliyobaki. Mama Seline alimshika mkono akamwomba amwambie ukweli.

Rehma alisema alikuwa akianua nguo jua likizama, akaona kijana amesimama mlangoni kwake. Shati lilikuwa limemganda mwilini na maji yanamchuruzika, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Kijana akauliza kwa adabu, "Mama yuko?" Rehma alidhani anamtafuta mwenye nyumba, akamwambia hayuko. "Basi nitangoja," kijana akasema, akaingia ndani. Rehma alimfuata kwa hasira, maana mtu haingii chumbani kwa mwanamke namna hiyo. Ndani hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na maji, na godoro lake lilikuwa limelowa upande mmoja, upana wa mtu mmoja.

"Simwogopi," Rehma alisema. "Hana ubaya. Lakini siwezi kuishi na mtu anayengoja."

Maneno kama hayo hayazuiwi na ukuta. Chumba cha tano kilihama, kisha cha saba, kisha wale wa upande wa pili walioutazama mlango ule kila jioni. Ilipofika Krismasi, vyumba vingi zaidi vilikuwa na kufuli la Mama Seline kuliko la mpangaji. Mwaka wangu mbaya haukuwa mbaya kiasi hicho. Tarehe ya kulipa mkopo ikapita mara ya kwanza, ikapita mara ya pili, na chama kikapeleka watu Ahero kulipima shamba.

Mama Seline alikuwa huko siku hiyo. Alikuja kunieleza akiwa amesimama, akakataa kiti. Alisema walipima kwa kamba toka mpaka hadi mpaka, na kamba ilipofika kwenye kaburi, mmoja wao hakuzunguka.

"Alimruka mume wangu kama mtaro," akasema. "Na hiyo ni kamba tu, Bwana Zadock. Mnunuzi atakuja na trekta."

Mimi sikuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Kwa maoni yangu hesabu ilikuwa sahihi, na kama maji yanaingia chumbani, basi yanatoka mahali. Jumapili baada ya kanisa nilichukua ufunguo wa chumba cha sita nikaenda peke yangu, jua likiwa juu. Nilipanda ngazi nikakagua mabati, yalikuwa mazima. Nilipapasa kuta toka juu hadi chini, zilikuwa kavu. Katikati ya sakafu palikuwa na doa la maji, refu, lililojikunja kidogo, kama mtu aliyelala ubavu. Nililipangusa kwa gunia mpaka simiti ikarudi rangi yake. Kisha nikaweka kigoda mlangoni, nikafungua gazeti.

Sikusikia kitu. Sikuona kitu. Nilisoma habari za mbele na za michezo, na nilipolikunja gazeti doa lilikuwa limerudi, lile lile, mkunjo ule ule. Niliinama nikalinusa. Nyalenda naijua, harufu ya choo naijua, na ya mtaro pia. Hii ilikuwa ya ziwa, si la ufukweni bali la kule ndani magugu yanapokwisha na maji yanageuka meusi. Nilipoinua kichwa niliona nyayo za mtu asiye na viatu kwenye kizingiti. Zilikuwa zimepita kando ya kigoda changu, karibu na goti langu, zikaingia. Hazikutoka.

Nilifunga mlango. Nilitembea upesi mpaka barabarani. Lakini mtu aliyesoma haukatai ushahidi kwa sababu haupendi. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, mimi na Mama Seline tukapanda basi la Sondu.

Walter alikuwa amefungua duka la nafaka kwa fedha za ploti. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, na tulipomweleza akatabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya watoto.

"Nilikuambia ukweli, Bwana Zadock. Mtu hakuzikwa pale. Mlichimba wenyewe."

Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya duka kwenye mkeka, anachambua wimbi. Jina lake Agneta, mwembamba sana, macho yamezama. Hakuinua uso. "Waambie habari ya Tom," akasema.

Walter alisema mama amezeeka, anachanganya mambo.

"Zilizozeeka ni miguu," yule bibi akajibu. "Kichwa bado ni changu."

Basi akatuambia mwenyewe. Tom alikuwa kitinda mimba wake. Alitoka Dunga asubuhi na nyavu, kabla hajaoa, miaka mingi iliyopita, na mashua ikarudishwa na mawimbi bila yeye. Walikaa ufukweni mpaka watu wazima walipoanza kuepuka macho ya mama. Sisi watu wa ziwa tuna desturi kwa ajili ya hilo. Ziwa likikataa kumrudisha mtu, wazee hukata tunda la mti wa yago, lile refu, zito kama mkono wa mtu. Huoshwa, likafungwa kwa shuka la marehemu, likaliliwa, likazikwa kama mtu, ili yule aliyepotea ajue kwao ni wapi aache kutangatanga. Kwa kuwa Tom hakuwa na mke, walimweka upande wa kushoto wa boma la Nyalenda, kama desturi, karibu na ua.

"Nilimwambia nyumbani ni pale," alisema Agneta. "Nilimwambia kwa sauti, watu wakisikia. Halafu huyu akapauza."

Nilikiona tena kile kitu chenye nyuzinyuzi kwenye koleo la Simiyu. Walter alitazama chupa yake ya soda. Alisema ni tunda tu, kwamba hakusema uongo, kwamba kanisani walifundishwa kuacha mambo hayo.

Nilidhani Mama Seline atadai fedha zake, na nilikuwa nimejitayarisha kumpa hesabu yake. Hakudai. Alipiga magoti kwenye ule mkeka.

"Mama," akasema, "ni wewe anakuulizia."

Agneta aliweka ungo chini. Aliomba aletewe leso yake ya kanisa na fimbo. Walter akasimama, akauliza watu watasema nini wakisikia mama yake amepanga chumba Nyalenda kama mtu asiye na watoto.

"Sipangi," akasema. "Naenda kwa mtoto."

Jioni ile ile alikuwa chumba cha sita. Mama Seline alimtandikia kitanda, akampikia, kisha mimi na yeye tukakaa uwanjani kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukijifanya tunazungumzia mabati. Jua lilipogusa ziwa tulisikia sauti ya yule bibi, si ya hofu hata kidogo. "Donji, wuoda," akasema. Ingia, mwanangu. Baada ya hapo alizungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya chini, kama mama anayemkaripia mtoto aliyechelewa chakula cha jioni. Mimi sikusikia sauti ya pili. Mama Seline husema alisikia.

Asubuhi sakafu ilikuwa kavu. Vikombe viwili vilikuwa vimesuuzwa na kufudikizwa dirishani.

Wapangaji walirudi. Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewadanganya. Walijua ni nani anayekaa chumba cha sita. Nadhani aliye na mama yake haogopeshi sana, hata akiwa nani. Rehma mwenyewe alirudi, akachukua cha saba, na asubuhi alimpelekea Agneta chai na kaimati mbili. Chama cha mikopo kilipokea malipo yaliyochelewa pamoja na faini, na kamba haikurudi Ahero. Vyumba tisa vililipa, kimoja hakikulipa, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, sawasawa na karatasi yangu ilivyosema. Wengine waliniita mtabiri. Niliwaambia ni hesabu.

Agneta alifariki mwaka wa 1995, kitandani, mchana, mkono mmoja ukining'inia nje ya shuka kama mtu anayeshikwa. Wiki zake za mwisho alikuwa akimwambia Mama Seline asiwe na wasiwasi. "Nikienda nitamchukua." Walter alikuja na pikapu na jeneza, akampeleka Sondu kando ya mume wake, maana mahali pa mke ni hapo. Mama Seline alifunga chumba cha sita akakiangalia kila asubuhi. Kilikaa kavu masika nzima, na vuli nzima. Mwaka uliofuata mkopo ukaisha. Alirudishiwa hati, akaipeleka Ahero, akaketi kwenye ile simiti akamwonyesha mume wake.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa wanatosheka. Mwishoni mwa 1997 alinijia tena. Nilikuwa nimestaafu, meza yangu iko nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha omena na kuhamia chumba cha kwanza cha ploti yake. Kulikuwa na ploti nyingine inauzwa Migosi, na chama kilikuwa tayari kumkopesha tena, kwa hati ile ile. Alitaka makadirio mapya, kodi ya ploti ya kwanza isaidie kulipia ya pili. Na alitaka nihesabu vyumba kumi.

"Mwenye chumba amehama, Mzee Zadock," akasema. "Nimeshakipangisha. Kuna msichana mwalimu, Beldina, ametoka Busia juzi. Hajui lolote, na hajalalamika lolote."

Nilipiga hesabu mbele yake. Kwa vyumba kumi, mkopo ulisimama hata mwaka mbaya. Kwa tisa, mwaka mbaya uliuangusha, na Ahero ikaenda. Chumba kimoja ndicho kilichokuwa kati ya mambo hayo mawili. Alinitazama nikiwa nimeshika kalamu, na nusura niandike. Lakini tangu ujana wangu sijaandika kodi ambayo sikuuliza kwa anayeilipa. Nikamwambia anipe mpaka kesho.

Hiyo ndiyo miezi ambayo mvua ilisahau kuacha. Ilinikuta njiani, na nilipofika ploti jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu na mimi nimelowa mpaka mifupani, maji yananitiririka kwenye kola. Mlango wa Mama Seline ulikuwa na kufuli. Nikavuka uwanja mpaka chumba cha sita. Msichana alikuwa amechutama mlangoni chini ya bati, anaosha sufuria, kichwa chini. Niliuliza kama mtu yeyote anavyouliza.

"Mama yuko?"

"Si nimekuambia hayuko," akasema bila kuinua kichwa. "Si umesema utangoja?"

Ndipo akatazama juu, akaona mzee mwenye kofia, akasimama haraka akijipangusa mikono.

"Nisamehe, Mzee. Nilidhani ni yule kijana. Leo amekuja tena, amelowa vibaya, nikamwambia akae ndani asipate baridi."

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi nusu. Sikuchungulia. Niliuliza kama chumba ni kizuri, akasema ni kizuri, ila sakafu imeanza kutoka jasho, labda ni kwa sababu ya mvua hizi.

Mama Seline alirudi akanikuta kwenye veranda yake nikiwa nimeegemea ukuta. Ndani, kwa taa ya chemli, niliandika vyumba tisa, nikajumlisha, nikamgeuzia karatasi. Aliweka kidole kwenye mstari ule ule, kidole ambacho sasa hakikuwa na magamba. Hakuniuliza nimekosea wapi. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Walimpeleka Sondu kwa pikapu," akasema mwishowe. "Hakuna aliyemwambia yule mtoto."

Akaichukua hati ya shamba, aliyokuwa ameitoa tayari kwa ajili ya chama, kutoka mezani, akaifunga ndani ya mfuko wake wa nailoni, akairudisha sandukuni chini ya nguo. Kisha akajitanda leso kichwani akatoka mvuani. Kupitia kishindo cha maji nilimsikia akipiga hodi, taratibu, kwenye mlango wa chumba cha sita, katika nyumba yake mwenyewe.